Maswali ya Wasomaji: Pétion-Ville, Mji wa Mlimani Juu ya Port-au-Prince

Tangu askari polisi wetu wa kwanza kutoka Kenya watue Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, haipiti wiki bila barua au ujumbe wa simu wa kuniuliza habari za Haiti, na nyingi kati ya zilizofika mwezi huu kutoka Lamu na Malindi zinataja mahali pamoja: Pétion-Ville, mji wa wenye nacho ulioko mlimani juu ya mji mkuu huo. Nilikaa huko kuanzia 2012 hadi 2014 nikiwa mhasibu wa shirika moja la misaada, nikapanga chumba juu ya duka la vyombo vya nyumbani, na mapenzi yangu kwa mahali hapo hayajapoa hadi leo. Nimechagua barua tano. Sitazijibu kwa urefu mmoja, kwa kuwa hazina uzito mmoja.

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii hapa Mkomani, Lamu, kwa mwaka wa kumi na nane sasa. Nilimtembeza mgeni mmoja Mhaiti anayeishi Kanada, tukawa marafiki, na ameniandikia kunialika nyumbani kwa wazazi wake Pétion-Ville. Kila ninayemwambia ananikataza. Lakini mimi sijasahau sisi wenyewe tulivyofanyiwa: serikali za nje zilitoa onyo juu ya Lamu nzima, hoteli zikafungwa na mashua zikalala ufukoni, ilhali hapa mtaani tulikuwa tukiishi kwa amani. Je, wenzetu nao wanasingiziwa?

JIBU: Ndugu yangu, hili ni swali la mtu aliyeonja, nami sitalipita haraka. Nakumbuka mwisho wa 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, na nakumbuka 2014 baada ya mauaji ya Mpeketoni. Kosa la maonyo yale lilikuwa kuchora mstari mmoja kuizunguka kaunti nzima, kana kwamba msitu wa Boni na baraza za Mkomani ni kitu kimoja, na waliolipia kosa hilo ni manahodha, wapishi na akina mama wa mikeka ambao hawakuwa na hatia yoyote. Mtu wa Lamu ana haki ya kulishuku onyo linalotolewa na aliye mbali. Ila shaka peke yake haitoshi, ni lazima upime.

Pima kwanza njia ya kufikia. Uwanja wa ndege wa Port-au-Prince, uitwao Toussaint Louverture, ulifungwa kwa takriban miezi mitatu mwanzoni mwa 2024, ukafunguliwa Mei, na Novemba ya mwaka huo huo ndege za abiria zikapigwa risasi. Marekani ilizikataza ndege zake kutua hapo, na katazo hilo limekuwa likiongezwa muda kila linapokaribia kwisha. Uwanja wenyewe uko bondeni, na kutoka hapo kupanda mlimani njia kubwa ni ile ya Delmas, ambayo vichochoro vyake vimepewa namba zinazoongezeka kadiri unavyopanda, hata mtu akikuambia kwamba anakaa Delmas 95 unajua yuko karibu kufika Pétion-Ville, na anayekaa Delmas 6 yuko chini kabisa. Nilipokuwa huko nilipanda njia hiyo kila juma ndani ya tap-tap, yale magari ya abiria yaliyopakwa picha na maneno ya Mungu kila mahali, nikabanana na watu kama ninavyobanana kwenye matatu ya kwenda Mombasa. Leo sehemu za chini za njia hiyo zimeshikwa na magenge yenye silaha, na Umoja wa Mataifa ulikadiria katikati ya 2025 kwamba karibu asilimia 90 ya jiji zima imo mikononi mwao.

Pima pili mlima wenyewe, maana wengi hudhani kwamba kukaa juu ni kinga. Rais Jovenel Moïse aliuawa usiku wa Julai 7, 2021 ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika mtaa wa Pèlerin ulioko humo humo mlimani, akiwa na walinzi getini. Alfajiri ya Novemba 19, 2024 magenge yaliingia Pétion-Ville, na raia walitoka na mapanga na mawe, wakafunga njia na kupigana nayo bega kwa bega na polisi. Mwisho wa Januari 2025 yakavamia Kenscoff, iliyo juu zaidi, ambako zamani watu wa mjini walikuwa wakipanda Jumapili kwenda kupunga upepo.

Hapo ndipo penye tofauti na yetu. Lamu ilionywa na watu waliokuwa mbali, na wenyeji wakabaki majumbani mwao wakistaajabu. Huko, wanaotoa onyo ni wenyeji wenyewe kwa miguu yao: kufikia katikati ya 2025 zaidi ya watu milioni 1.3 nchini Haiti walikuwa wamehama makwao, na shule na nyua za Port-au-Prince zimegeuka malalo yao. Pétion-Ville haisingiziwi, ndugu yangu, na nasema hivi kwa uchungu.

Kwa hiyo usiende sasa. Tena kabla ya kumjibu rafiki yako, omba kuzungumza na wazazi wake kwa simu, kwa kuwa mtu aliyehama nchi huubeba mji kama alivyouacha, na ukimuuliza habari za kwao atakusimulia za mwaka aliopanda ndege. Waulize wazee kama wao wenyewe hushuka mjini, na wakishuka hurudi saa ngapi. Ukiona kwamba wanasita, umeshajibiwa.

Namna ya kukataa mwaliko nayo ina adabu yake. Usimwandikie kwamba kwao kuna hatari, maana hilo analijua na linamkesha. Mwambie kwamba unauweka mwaliko wake, na kwamba utakwenda siku wazazi watakaposema njia imefunguka, kisha umkaribishe yeye na wazazi wake waje Lamu wakae kwako. Na ikiwa moyo wako unataka kuiona nchi yenyewe, Cap-Haïtien, mji wa kaskazini, uwanja wake wa ndege umeendelea kupokea abiria, na milimani karibu nao iko ngome ya Citadelle ambayo Henri Christophe, mtawala wa kaskazini, aliijenga baada ya uhuru wa 1804 kuwazuia Wafaransa wasirudi. Usijaribu tu kuteremka kwa gari kutoka huko hadi mji mkuu, kwani barabara hiyo ina vizuizi vya magenge. Ukipitia Marekani utahitaji viza hata kama huna nia ya kutoka nje ya uwanja wa ndege, basi anza na hilo kabla ya kununua tiketi, na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

SWALI: Mimi ni mama wa Maweni, Malindi. Kijana wangu ni askari na alipelekwa Haiti. Alinitumia picha ya nyumba ndogo ndogo za rangi nzuri, zambarau, kijani, samawati, zimepandana mlimani kama ngazi, akaniambia ng'ambo ya pili ndiko waliko matajiri. Mimi nilidhani wenye rangi nzuri ndio matajiri. Naomba unieleze, mwanangu.

JIBU: Mama yangu, kwanza Mwenyezi Mungu amlinde kijana wako na wenzake wote, na awarehemu wale waliorudishwa kwetu wakiwa ndani ya jeneza.

Mtaa wa kwenye picha ni Jalousie, neno ambalo kwa Kifaransa maana yake ni wivu. Uko kwenye ubavu wa mlima unaoielekea Pétion-Ville, nao ni mtaa wa maskini: waashi, madereva, wapishi, mayaya na walinzi wa nyumba zile kubwa za ng'ambo, pamoja na watu waliotoka mashambani kutafuta kibarua. Nyumba zake ni za matofali ya saruji, zimebanana hata paa la mmoja limekuwa ua wa jirani yake wa juu. Mwaka 2013 serikali ilianza kuzipaka rangi, ikisema kwamba inamuenzi Préfète Duffaut, mchoraji mkubwa wa Haiti aliyezaliwa 1923 na kufariki 2012, ambaye alikuwa akichora miji ya ndotoni iliyopandana milimani. Mimi nilikuwepo. Nilisimama kwenye uwanja wa Place Boyer nikatazama rangi zikipanda siku baada ya siku, na siwezi kukataa kwamba zilipendeza.

Lakini nilikuwa na mwenzangu wa kazini aliyekaa Jalousie, fundi wa jenereta, naye alinialika chakula cha mchana kwake. Tulipanda ngazi za saruji zisizo na mwisho, nyembamba kama vichochoro vya Lamu, na mbele yetu alikuwa akipanda msichana wa miaka kumi hivi, ndoo ya plastiki kichwani, imejaa, na juu ya maji amelaza jani pana ili yasimwagike. Kila baada ya ngazi kadhaa alisimama, akaegemeza kiganja ukutani, akavuta pumzi, akaendelea. Ukuta alioegemea ulikuwa umepakwa rangi ya zambarau wiki ile. Upande wa nyuma wa nyumba hiyo hiyo, ambao hauonekani kutoka hotelini ng'ambo, ulikuwa saruji tupu ya kijivu. Mwenzangu aliniambia kwamba hakuna asiyependa rangi, lakini walichoomba wao kilikuwa bomba la maji.

Ndiyo maana, mama yangu, picha ile haikukudanganya, ila ilikuonyesha upande mmoja. Upande wa matajiri hauna rangi nyingi kwa sababu hauonekani kabisa: unachokiona barabarani ni ukuta mrefu, geti la chuma, maua ya bogenvilia yaliyoning'inia juu ya ukuta, na mlinzi mwenye bunduki kitini. Hata wao, pamoja na fedha zao, bomba la serikali haliwafikishii maji ya kutosha. Wana birika kubwa chini ya nyumba, na lori la maji huja kulijaza kwa malipo, na umeme wao ni wa jenereta, betri na sola, kwani ule wa serikali huja kwa saa chache. Fundi wa kuyatengeneza hayo yote hushuka kutoka Jalousie asubuhi na kurudi jioni.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, kutoka Shela, Lamu. Mwalimu wetu wa jiografia alisema kwamba Haiti matajiri hukaa mlimani. Kwetu matajiri hununua ufukweni. Kwa nini iwe kinyume, na huyo Pétion ni nani?

JIBU: Mwanangu, si kinyume kama unavyodhani, kwa maana wote wanafuata kitu kimoja, nacho ni upepo. Shela ina kusi na kaskazi mlangoni, na ndiyo maana nyumba za mawe karibu nawe zimenunuliwa na wageni wa mbali. Port-au-Prince, iliyoanzishwa na Wafaransa mwaka 1749, imekaa ndani kabisa ya ghuba, na milima imeizunguka nyuma, hata hewa ya bondeni hukaa palepale kama chumba kisicho na dirisha. Ukipanda kilomita chache unahitaji shuka la ziada usiku. Wenye uwezo walianza kusogea juu polepole: zamani walikaa mitaa ya Bois Verna, Turgeau na Pacot, katika nyumba za mbao zenye nakshi ambazo mtu wa Lamu akiziona atasimama kuzitazama, kisha wakapanda Pétion-Ville, na baadaye wakaipita wakajenga Laboule na Thomassin. Tetemeko la Januari 12, 2010, lenye ukubwa wa 7.0, lilipobomoa katikati ya jiji pamoja na ikulu, maduka, benki na ofisi nyingi nazo zilihamia mlimani, na uwanja wa gofu wa Pétion-Ville ukageuka kambi ya makumi ya maelfu ya watu waliopoteza makazi. Nilipofika 2012 mahema yalikuwa bado yako pale kwenye nyasi zile.

Alexandre Pétion alizaliwa 1770, akapigana katika vita ambavyo watumwa wa Haiti waliviendesha hadi wakaondoa wakoloni, na nchi ilipogawanyika baada ya uhuru akawa rais wa kwanza wa jamhuri ya kusini. Aliwagawia askari wake mashamba, na watu wakampa jina la Papa Bon-Kè, yaani Baba Mwenye Moyo Mwema. Simón Bolívar alipokimbilia kwake, kati ya 1815 na 1816, Pétion alimpa silaha, watu na chakula cha kwenda kuikomboa Amerika ya Kusini, na hakutaka malipo mengine isipokuwa ahadi kwamba watumwa wa huko wataachwa huru. Sisi wa pwani hii, ambao mababu zetu waliuona utumwa kwa pande zake zote, tungefaa kulijua jina hilo kuliko tunavyolijua.

Pétion alifariki 1818, na aliyemfuata, Jean-Pierre Boyer, ndiye aliyeuanzisha mji huu mwaka 1831 na kuupa jina la Pétion. Mji ulipangwa kwa mistari iliyonyooka, na ukitembea katikati yake mpaka leo unapita majina ya mashujaa wa zama za mapinduzi kwenye vibao vya mitaa: Louverture, Rigaud, Ogé, Lamarre. Boyer huyo huyo ndiye aliyekubali, mwaka 1825, manowari za Ufaransa zikiwa zimeelekeza mizinga pwani, kulipa faranga milioni 150 za kuwafidia waliokuwa mabwana wa watumwa. Deni lilipunguzwa hadi milioni 90 mwaka 1838, lakini mikopo iliyochukuliwa kulilipa haikwisha hadi 1947. Mtu akikuuliza kwa nini Jalousie haina bomba, usianze na magenge ya jana. Anza hapo, kwa watu waliojikomboa wenyewe halafu wakatozwa bei ya miili yao kwa zaidi ya miaka mia.

Una jambo jingine la kulitazama hapo kwenu, kwa kuwa unasoma jiografia. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa na mji wa Lamu, na kila nyumba kubwa inayojengwa hapo ikachimba kisima na bwawa la kuogelea inagusa ndoo ya mtu wa Langoni, mjini Lamu. Andika insha juu ya hilo umpelekee mwalimu wako.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiislamu, Barani, Malindi. Nikijaaliwa kufika huko siku kukiwa shwari, nitasalimia vipi, nitakula nini, na nitavaa nini bila kuwaudhi wenyeji?

JIBU: Maalim, katika maswali yote hili ndilo nililolifurahia zaidi, maana utastaajabu jinsi watu wale walivyo karibu nasi. Mashambani, na hata kwa wazee wa mjini, mgeni hasukumi mlango. Husimama nje akaita, «Onè!», yaani heshima, na mwenye nyumba hujibu, «Respè!», yaani staha, ndipo aingie. Ni hodi na karibu, neno kwa neno, ng'ambo ya bahari mbili. Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa na fundi wangu yule mlangoni kwa mama yake, na nilijikuta nimeitikia «karibu» ilhali mimi ndiye mgeni, mama akacheka na kunishika mkono hadi ndani.

Ukiingia dukani, benki au kwenye tap-tap, toa salamu kwanza kabla ya kuuliza chochote: «bonjou» mpaka adhuhuri, «bonswa» baada yake. Asiyesalimu huonekana hana malezi, kama kwetu. Lugha ya watu wote ni Kikrioli, na Kifaransa ni cha shule, ofisi na wenye nacho; zote mbili ni lugha rasmi kwa katiba ya 1987. Ukijifunza maneno ishirini ya Kikrioli utafunguliwa milango ambayo Kifaransa kizuri hakitaifungua, hasa Pétion-Ville, ambako lugha imekuwa kipimo cha kumjua nani ni nani.

Mavazi yawe nadhifu. Hawapendi mgeni anayezunguka mjini na kaptura ya ufukweni, na sisi wa Malindi tunaijua vizuri kero hiyo. Suruali na shati lililopigwa pasi vinatosha, na kanzu na kofia havitamuudhi mtu, ingawa utaulizwa maswali mengi ya kirafiki.

Chakula kina tahadhari moja kubwa: griot, kitoweo chao wanachokisifia kuliko vyote, ni nyama ya nguruwe, na mafuta yake huweza kukaangiwa vitu vingine, kwa hiyo ulizia sufuria kabla ya kuulizia chakula. Kula samaki wa kukaanga na bannann peze, ambazo ni ndizi za kupika zinazokaangwa, zikapondwa bapa, zikakaangwa tena. Utaletewa pikliz pembeni, nayo ni achari ya kabichi na karoti zilizokatwa nyembamba kwenye siki, na pilipili yake ni kali kiasi cha kumtoa machozi hata mtu wa Malindi. Uombe pia wali wa djon djon, unaopikwa kwa maji ya uyoga mweusi mpaka punje zikawa nyeusi kama wino, wenye harufu ya msituni ambayo sijaipata kwingine. Ukiwa huko tarehe mosi Januari, kila nyumba hupika soup joumou, supu ya boga. Wanasimulia kwamba enzi za utumwa aliyeilima na kuipika hakuruhusiwa kuionja, na tangu uhuru wanainywa wote siku hiyo. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Kawaida hutiwa nyama ya ng'ombe, basi mwambie mwenyeji wako mapema kama unahitaji ya mboga, naye atakupikia.

Na usilale hadi jua lichomoze. Kabla ya mapambazuko wanawake waitwao madan sara, jina la ndege wa kelele asiyetulia, hushuka kutoka Kenscoff na karoti, kabichi, vitunguu majani na stroberi kwenye mabakuli makubwa kichwani, wengine kwa miguu, wengine juu ya magunia kwenye lori. Wanapita mbele ya mageti yale yaliyofungwa wakizungumza kwa sauti kubwa, na ndio wanaoulisha mji mzima, wa juu na wa chini. Tangu Kenscoff ivamiwe, kazi yao imekuwa ya kuhatarisha roho kila asubuhi.

SWALI: Mimi nauza halwa Langoni. Mjomba wangu ni baharia na huenda akapita huko siku moja. Nimpe zawadi gani ya kupeleka, na fedha zao zikoje asije akaibiwa?

JIBU: Dadangu, fedha yao ni gourde, lakini kuna mtego mmoja ulionigharimu siku ya kwanza. Watu wengi huhesabu kwa «dola ya Haiti», ambayo haina noti wala sarafu. Ni jina tu la gourde tano, lililobaki tangu zamani wakati gourde tano zilikuwa sawa na dola moja ya Marekani. Muuzaji akisema kitu ni dola ishirini, kwa kawaida ana maana ya gourde mia moja. Mimi nilitoa dola ishirini za Marekani kwa kofia ya ukindu, na muuzaji, mzee mwenye haya, alinikimbilia hadi kona ya pili kunirudishia chenji. Mjomba aulize kila mara: gourde, dola ya Haiti, au dola ya Marekani?

Akitaka cha kurudi nacho, penye uwanja wa Place Saint-Pierre, karibu na kanisa, wachoraji walikuwa wakitundika picha zao ukutani kuanzia chini hadi juu, na kutoka Croix-des-Bouquets, bondeni, zilikuwa zikija kazi za mabati: fundi hukata pipa la mafuta, akalinyoosha kwa nyundo, akalichonga kwa patasi hadi likawa samaki, mti au malaika. Mafundi wetu wa milango wangeheshimu mkono ule.

Na zawadi ya kupeleka unayo tayari dukani kwako. Wahaiti wanapenda utamu, na wana tamu zao za sukari na karanga zinazouzwa njiani, lakini iliki na samli ya halwa yenu hawajaionja. Mfungie katika kikapu kidogo cha ukindu kama mnavyofanya siku za harusi, weka karatasi ya mafuta ndani ili isivuje kwa joto, na umwambie mjomba asiitoe mlangoni kwa mkono mmoja. Asimame nje, aite «Onè», asubiri ajibiwe.